Udongo Juu ya Zege

Mlango wa kutokea kwenye paa la jengo letu una kufuli kubwa, na ufunguo wake anao msimamizi wa jengo, mtu ambaye kumpata kwa simu ni bahati na kumwona kwa macho ni muujiza. Mpangaji mpya akiuliza kwa nini haruhusiwi kwenda kuanika nguo juu, anaambiwa kwamba zamani alikuwepo bibi mmoja wa Kigogo aliyemwaga udongo kule akatuletea mafuriko ghorofani. Wanacheka. Mimi nikiwa nao ndani ya lifti huwa natazama namba zinavyopanda, kwa sababu bibi huyo ni mama yangu, na hakumwaga udongo. Aliutandaza, akaunyunyizia maji, akaushindilia kwa kipande cha ubao mpaka ukatulia kama sakafu. Hata kama sitaeleweka kwa mengine, hilo nataka lieleweke.

Mama alikuja kukaa nami baada ya kuanguka akiwa anachota maji kisimani. Kwao ni upande wa Bahi, ambako ardhi ni bapa, na mvua ikiwa nzuri maji yanatuama watu wakalima mpunga na kuvua kambare. Baba alishafariki. Ndugu zangu wametawanyika, mmoja yuko Mtera kwenye biashara ya samaki, wengine mbali zaidi, na mama alikuwa amebaki peke yake katika tembe lile lile tulimozaliwa. Daktari alisema ni presha, anatakiwa awe karibu na hospitali. Nikaona mwanya wangu ndio huo. Nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya nne, jengo la ghorofa saba, si mbali na Area D. Asubuhi naondoka na basi la wafanyakazi kwenda ofisini Mtumba. Jioni narudi, nafungua mlango, nawasha taa, nasalimiana na friji. Kwa hiyo nisijifanye mtoto mwema kupita kiasi. Sikumleta mama kwa ajili ya presha tu. Nilikuwa mpweke, na nilitaka akae nami mpaka mwisho wa siku zake. Naye alikubali kwa sharti: "Nitajaribu. Nikishindwa, usinishike nguo."

Wiki ya kwanza nilidhani ameshashindwa. Jengo letu limejaa watu waliohamia Dodoma na ofisi zao kutoka Dar es Salaam, na mpaka leo wanaishi kama abiria wanaongoja kutangaziwa basi. Ukikutana na mtu kwenye ngazi ni "mambo", "poa", mlango unafungwa. Mama alipita nyumba kwa nyumba kujitambulisha, mkononi ana bakuli la karanga za kukaanga. Alikuwa anapiga hodi, kisha anasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", kana kwamba amefika uani kwa shemeji yake. Waliofungua walifungua nusu, wakapokea karanga, wakashukuru, wakafunga. "Watu wako wana adabu," aliniambia jioni. Kwa jinsi alivyolitamka neno hilo nilijua hakuwa anawasifu.

Aliyefungua mlango wote alikuwa mmoja tu, fundi cherehani wa ghorofa ya saba. Jengo zima tulimwita fundi wa juu. Yeye ni mzaliwa wa mjini Dodoma hasa, Mwislamu, wa zile familia ambazo mababu zao walikuja na misafara ya biashara wakaona hakuna haja ya kuendelea. Ni mjane, wa makamo, anashona mapazia na mashuka nyumbani kwake, na wakati huo alikuwa na binti anayekaribia kuolewa. Alimwambia mama yangu, "Shikamoo mama, karibu ndani, usisimame mlangoni kama polisi." Mama aliingia, akanywa chai ya tangawizi, na kabla ya kuondoka akaonyeshwa paa.

Asiyewahi kukaa kwenye tembe hawezi kujua mama aliona nini pale. Tembe ni nyumba ya paa bapa. Juu ya boriti unapanga fito, juu ya fito majani, juu ya majani udongo. Paa hilo ndilo ghala, ndilo uwanja, ndilo baraza. Mlenda unaanikwa juu yake, uwele unaanikwa juu yake, na wanawake wakipanda kugeuza vitu vyao wanaonana na wenzao wa nyumba za jirani nao wako juu ya mapaa yao, basi habari za kijiji zinapita huko. Sasa mama, ambaye siku zote zile alikuwa akiniuliza watu wa mjini wanaanika wapi, akafunguliwa mlango akaona paa bapa kubwa kuliko uwanja wa kanisa lao, limekaa bure na matangi ya maji. Fundi aliniambia baadaye kwamba mama alisimama akacheka peke yake. "Kumbe ni tembe," alisema. "Kumbe mmeliinua tu."

Tangu siku hiyo sikusikia tena habari ya kushindwa. Aliagiza mlenda kutoka nyumbani, akauanika juu ya magunia. Fundi naye akapandisha pilipili zake. Mama mmoja wa ghorofa ya pili, mtu wa Mwanza, akaleta dagaa, na harufu ikazua maneno kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, lakini mama wa watu hakujali. Wadada wa kazi walikuwa wanakwenda na watoto. Nikirudi jioni namkuta mama hayupo, napanda juu, namkuta ameketi kwenye kivuli cha tangi na wenzake wanachambua mchele, na kwa mara ya kwanza nikajua majirani zangu wana majina, wana watoto wagonjwa, wana waume wasiotuma pesa. Nilikuwa nimekaa katika jengo lile miaka kadhaa. Mama alikuwa na mwezi, na yeye ndiye aliyenitambulisha kwa watu. Nilifurahi mpaka nikaogopa kufurahi. Akaniambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mbona mimi hamnipi jembe?" Nikamjibu kwamba Area D hakuna shamba. Naona aliendelea kulitafuta.

Jembe lenyewe lilikuwa kwenye dari ya fundi. Zege la paa lilikuwa na nyufa, na kila msimu wa mvua maji yalimvujia sebuleni, pale pale anaposhonea. Dari ilikuwa na doa kubwa la rangi ya chai. Alikuwa ameshalalamika mara nyingi, na msimamizi alikuwa na jibu lake moja lisilochakaa: "Tunalifanyia kazi." Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta nadhani mtu yule hakuwahi kufundishwa shuleni. Fundi alipomweleza mama huku akimwonyesha mabeseni anayotega, mama aliinua uso akalitazama doa lile kwa muda mrefu.

"Paa hili tangu lijengwe limetiwa udongo mara ngapi?" aliuliza.

"Halijawahi kutiwa, mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Ndiyo maana," alisema mama. "Paa lina njaa."

Kwao kila mwaka kabla ya mvua mtu anapanda juu na udongo mpya. Asiyefanya hivyo ni mvivu, na mvua itamtangaza. Si udongo wowote. Unatakiwa wa kichuguu, ule mchwa walioutafuna, maana ukishindiliwa unakataa maji. Na nyuma ya jengo letu kulikuwa na kiwanja kitupu chenye kichuguu kikubwa kuliko bajaji. Mlinzi wetu, Mgogo wa Mpwapwa, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Yeye mwenyewe alikwenda kuchimba. Wanawake wakabeba kwa ndoo, wakapandisha kwa lifti, na lifti ilipogoma wakapandisha kwa ngazi. Fundi alikunja mikono ya gauni akawa anabeba maji. Mama alikuwa katikati, amejifunga kitenge kiunoni, anaelekeza: hapa nyembamba, hapa ongeza, hapo shindilia. Nilipofika kutoka kazini nilikuta kazi inaishia. Paa lote lilikuwa jekundu na laini, na mama amesimama juu yake kama mtu aliyemaliza kulima. Nimesoma kiasi cha kujua kwamba zege si boriti na fito. Lakini jioni ile sikuwa natazama zege, nilikuwa namtazama yeye. Nilimpiga picha. Ninayo mpaka leo.

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria, si mama, si fundi, si mlinzi, si mimi, ni ukuta. Paa la tembe halina ukuta juu yake. Mvua ikinyesha, maji yanashuka pembeni popote yanapotaka. Paa la ghorofa limezungushiwa ukuta mfupi ili watoto wasianguke, na maji yake yanatokea kwenye matundu mawili tu ya mabomba. Mvua ya kwanza ya Desemba ilipiga mchana, ile mvua ya Dodoma isiyobisha hodi. Sehemu ya udongo ilikataa maji kama mama alivyoahidi. Sehemu nyingine ililegea, ikasafiri na maji, ikaenda kukaa kwenye matundu yale ikayaziba kabisa. Baada ya hapo tulikuwa na bwawa la Mtera juu ya vichwa vyetu. Maji yalipanda mpaka yakapata nyufa, na yalipata pia mlango wa ngazi, na njia zote mbili zilikuwa zinaelekea kwa fundi.

Nilipigiwa simu nikiwa ofisini. Nilipofika nilikuta maji ya rangi ya matofali yanashuka ngazi moja baada ya nyingine, na watu wanayafukuza kwa mafagio. Kwa fundi mlango ulikuwa wazi. Kipande cha dari kilikuwa kimeanguka juu ya meza yake ya kazi, na chini ya kipande hicho kulikuwa na mashuka ya binti yake. Nasema mashuka, lakini hayakuwa mashuka ya kulalia tu. Alikuwa amemdarizia mwanawe maua kwa mkono, jozi baada ya jozi, mwaka mzima, usiku baada ya kazi za watu, ili siku ya kuolewa binti aondoke nayo. Yalikuwa meupe. Mnajua udongo wa Dodoma ukishaingia kwenye nguo nyeupe; hata sabuni inaona aibu.

Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, anajaribu kukamua shuka moja. Fundi alimwinua. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Acha mama, ni vitu tu. Mungu atatoa vingine. Wala usijisumbue." Uso wake ulikuwa umetulia, sauti yake nzuri. Nilimshukuru Mungu kwa kupata jirani kama yule.

Na jengo zima likafuata mfano wake. Kwenye kikundi cha WhatsApp mtu aliandika, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," na wengine wakajaza alama za mikono iliyokutanishwa. Msimamizi alikuja, safari hii kwa kasi ya ajabu, akafunga mlango wa paa kwa kufuli, akaondoka bila kumtaja mtu. Hakuna aliyegomba. Hakuna aliyekuja kwangu kuuliza. Waliokutana na mama kwenye ngazi walimwambia "pole bibi" wakapita haraka. Tulikuwa wastaarabu sana, na leo nikiukumbuka ustaarabu ule nasikia hasira mpaka kwenye vidole.

Asubuhi iliyofuata mama alioga mapema, akavaa kitenge chake cha kanisani, akavuta kiti mpaka mlangoni, akauacha mlango wazi, akakaa. Nilidhani anapunga upepo. Jioni nilimkuta pale pale.

"Wameniita?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Wenye jengo. Wenzako. Yule mwenye mashuka."

Nikamweleza kwamba hakuna kikao, hakuna kesi, yameisha, wote wamesamehe, hakuna aliyekasirika. Nilieleza kwa furaha, kama mtu anayeleta matokeo mazuri ya mtihani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kama hakuna aliyekasirika," alisema, "mbona hakuna anayeingia?"

Kesho yake akavaa tena, akakaa tena mlangoni. Keshokutwa vivyo hivyo. Fundi hakushuka, na mama hakuthubutu kupanda. Kisha asubuhi moja nikakuta mfuko wake umefungwa. Akasema anakwenda kuangalia mpunga. Mpunga wake ni kijaruba kimoja ambacho mjomba angeweza kukiangalia akiwa amelala, lakini nilikumbuka sharti lake la kutomshika nguo. Nilimsindikiza stendi. Nilitegemea atarudi baada ya mavuno, na kitanda chake sikukitandua.

Mavuno yalipita, hakurudi. Badala yake siku moja alinipigia akaniambia niende kupokea kuku kwenye gari dogo linalotoka Bahi. "Mpelekee yule mwenye mashuka," alisema. "Mwambie ametoka kwangu. Usiongeze maneno." Alikuwa kuku jike mwekundu, mnene, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Nilimpandisha kwa lifti nikiwa natabasamu. Nilifikiri, kumbe mama bado anamkumbuka rafiki yake, basi huenda atarudi. Fundi alimpokea kwa mikono miwili, akafurahi kweli. Binti yake alikuwa ameshaolewa. Mkwe wake akamchinja kuku, wakamla Ijumaa ile.

Sasa fundi amelelewa kwenye nyumba ambayo chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa futari, sahani inarudi na tende. Hawezi kula kuku wa mtu akakaa kimya. Ingekuwa aibu kwake na kwa mama yake aliyemzaa. Akakaa kwenye cherehani, akashona jozi ya mashuka mapya, akayadarizi maua pembeni, akaongeza na kilo mbili za sukari. "Mpelekee mama," aliniambia, "umwambie nimeyashona kwa moyo." Nikayafunga vizuri, nikayatuma kwa gari lile lile. Mama alipiga simu kusema mzigo umefika. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikadhani ni mtandao.

Nilielewa Krismasi, nilipokwenda kumwona. Mashuka yalikuwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, yamechomekwa juu kwenye fito, hayajawahi kukunjuliwa. Sukari nayo ipo, imeganda. Nikamuuliza kwa nini halalii mashuka mazuri vile.

"Yale si ya kulalia," alisema mama. "Amenirudishia kesi yangu."

Ikabidi nikae chini nielezwe kwa utaratibu, kama mgeni, mimi niliyezaliwa ndani ya nyumba ile lakini nikakulia shule za bweni. Kuku yule hakuwa zawadi. Alikuwa faini. Kwao mtu akiharibu mali ya mwenzake anaitwa, anakalishwa, anasemwa mpaka aliyeharibiwa aishiwe maneno, halafu anatoa kuku au mbuzi, anachinjwa, wanakula wote, na kuanzia hapo hakuna wa kumkumbusha mwenzake. Mama aliona hakuitwa, akajihukumu mwenyewe, akatuma faini bila kikao, akitumaini kwamba watu wa mjini labda ndivyo wafanyavyo. Na faini hairudishiwi kitu. Ukiirudishia kitu, umesema hujaridhika. Sasa yeye alituma kuku, akarudishiwa mashuka. Kati ya vitu vyote vya duniani, mashuka.

"Amenikumbusha kwa upole," alisema. "Ana haki."

Nilirudi Dodoma nikapanda moja kwa moja ghorofa ya saba, hata mkoba sijautua. Fundi alinisikiliza mguu ukiwa bado kwenye cherehani. Nilipomaliza alifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anashona.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikasirika. Usinione hivi. Siku ile baada ya ninyi kuondoka nilijifungia bafuni nikafungulia maji ili mtu asinisikie ninavyolia. Nilimwona mama yako ni mtu mzima, mgeni, ananiheshimu; ningeanzaje kumgombeza? Nikaona nikishuka kwenu uso wangu utanisaliti. Basi nikakaa huku juu nikingoja hasira iishe."

"Iliisha?"

"Haikuisha. Nilishona mashuka yale ili iishe."

Jumamosi tulikwenda Bahi. Njia nzima nilimsihi amseme mama kama wafanyavyo watu wa huko, asimhurumie, na yeye akaahidi. Alikuwa anajizoeza maneno kwenye gari, abiria wakimtazama. Lakini tulipofika, mama akatoka ndani akiwa amepungua mwili, anatembelea fimbo, akatusalimia, akamtandikia mgeni mkeka. Fundi alimwangalia, na ahadi yake yote ikayeyuka. "Shikamoo mama," alisema. "Yale mambo mimi nilishasahau zamani." Nilimfinya. Akarudia kwa upole zaidi kwamba ameshasahau. Nikaona uso wa mama unafunga, kama milango ile ya jengo letu ilivyomfungia.

Tulikunywa chai bila mazungumzo ya maana. Tulipoinuka kuaga, mama aliingia nyuma ya nyumba akarudi na kuku mwingine, mweupe, akampa fundi mikononi. Alisimama tu, kichwa kimeinama.

Fundi alimtazama kuku. Na ndipo ile hasira ikatoka.

"Kuku tena? Mama, kuku wa nini? Kuku atanirudishia mashuka ya mwanangu? Mwaka mzima nimeshona, macho yananiuma, kila ua nimelitia kwa mkono wangu mwenyewe, halafu mtu anakuja na matope ya kichuguu ananimwagia! Nani alikwambia zege linakandikwa? Nani? Na mimi mjinga nakubebea ndoo! Mwanangu ameolewa na mashuka ya dukani, mama! Ya dukani! Na watu wameyaona!"

Alikuwa analia, anapiga kelele, kuku anapiga mbawa mikononi mwake. Majirani wakaanza kutoka kwenye nyumba zao na kusogea. Mama hakuinua kichwa. Fundi alipotua kuvuta pumzi, mama alisema taratibu, "Endelea." Akaendelea. Alimsema na kwa dari, na kwa meza, na kwa kuondoka bila kumuaga. Mpaka maneno yakamwishia, akabaki anahema.

"Umemaliza?" aliuliza mama.

"Nimemaliza."

"Nimekosa, mwanangu. Nimekuharibia mali yako, nimemkosea na binti yako. Faini yangu ndiyo hiyo."

Fundi alimtazama, akamtazama kuku. "Nimepokea," alisema.

Mama akainua kichwa, akacheka kile kicheko nilichoambiwa alikicheka siku ya kwanza juu ya paa. Akatuma mtu amwite mwenye duka, ambaye ni Mwislamu, aje kuchinja ili mgeni ale kwa amani. Tulikula ugali wa uwele na mchuzi wa kuku yule, majirani wote, na hakuna aliyetaja tena mashuka isipokuwa mama mwenyewe, aliyepanda juu ya kigoda akayachomoa kwenye fito. "Sasa haya ni zawadi," alisema, akaenda kuyatandika.

Nilimfuata ndani. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikamwambia, basi mama, kesi imekwisha, kusanya nguo twende, kitanda chako kipo, sijakitandua.

Alikuwa ananyoosha shuka kwa kiganja, anafuata ua moja moja kwa kidole. Hakugeuka.

"Siku ile mngenigombeza, ningekaa," alisema. "Nilikuwa nimeshapazoea. Sasa nimepazoea tena hapa, na magoti yangu ndiyo haya. Mimi si ndoo ya kupandishwa na kushushwa."

Sikumshika nguo. Tuliondoka na gari la jioni, mimi na fundi. Mjini kwenye lifti tulikuta kijana mmoja mpangaji mpya. "Mambo," alisema. "Poa," tukasema. Nikashukia ghorofa ya nne, nikafungua mlango, nikawasha taa, nikasalimiana na friji.